Mafuta Yaliyoachwa Barazani

Kanisa letu la Kilindoni lilikuwa kanisa la watu wa uhamisho. Askari, manesi, walimu, mabwana shamba, kila mtu alikuja kisiwani na sanduku lake na kila mtu aliondoka nalo. Ukishampata mwenye besi nzuri kwenye kwaya, unageuka hivi, unageuka vile, kapelekwa Tunduru na besi yake. Baba yangu ndiye aliyekataa kuondoka. Aliletwa Mafia kufundisha shule ya msingi, akitokea upande wa Songea, na mama alikuwa bibi harusi wa juzi tu. Alipostaafu watu wakadhani sasa atafunga virago. Yeye akajenga. Alisema upepo wa bahari ameshauzoea, bado kuogelea tu.

Alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa kwao kwa watu wote wasio na ndugu hapa. Jumapili baada ya misa walimwagikia uani kwetu. Mama anakuna nazi, mimi nachambua kisamvu, baba kakaa kwenye kigoda chake na fimbo ya kuongozea, anawasumbua waimbaji mpaka njaa inawatoa machozi. Sauti ikikosa mtu kwa sababu mtu wake kahamishwa, mama anaiimba akiwa jikoni, palepale kwenye moshi, bila kuinua kichwa. Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha. Krismasi mbuzi wetu alichinjwa na mume wa jirani yetu Mwislamu, makusudi kabisa, ili mtaa mzima ule bila mtu kubaki nje. Na Idi ikija, sahani zilizotoka kwetu zilirudi zimejaa.

Katika watoto wao mimi ndiye niliyebaki nyumbani, na cherehani yangu barazani. Kwa hiyo niliyaona yote, tangu mwanzo.

Yalianza na kiuno. Baba alisema ni miaka ya kusimama mbele ya ubao inadai haki yake. Akasugua dawa, akafunga mshipi, hola. Hospitali ya hapa ikamwandikia aende Dar, na kule wakatuambia ni tezi dume, na kwamba maradhi yameshaingia kwenye mifupa. Tukapewa dawa za maumivu na tukaambiwa tumrudishe nyumbani. Baba akamwambia daktari ni vizuri, nyumbani ndiko alikokuwa anataka kwenda.

Mama alikataa katakata. Neno saratani lilipigwa marufuku ndani ya nyumba, ukitaka kulisema useme "kiuno cha mwalimu". Mwalimu ndivyo alivyomwita baba maisha yao yote, hata wakigombana. Akaanza novena, sala za siku tisa, ikiisha anaunganisha nyingine. Halafu siku moja sokoni, mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi akamwambia kuwa ugonjwa usiopona una jambo nyuma yake: ama dhambi imefichwa, ama imani ni haba. Mimi mdomo wangu hauna breki, nilitaka nimfuate mwanamke yule nikamwoneshe imani haba ikoje. Mama akanizuia. Lakini lile neno lilimkwama kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akawa analinda imani yake kama mtu anavyolinda moto wa kifuu upeponi. Hakuna kusema "akitutoka". Hakuna kusema "ikitokea". Na zaidi ya yote, hakuna mafuta.

Hayo mafuta niyaeleze. Kwetu mgonjwa mahututi huitiwa padri, akampaka mafuta kwenye paji la uso na viganjani na kumwombea. Ni sakramenti ya wagonjwa, tumefundishwa hivyo katika katekisimu na baba mwenyewe alifundisha wengi. Ila kule alikozaliwa mama, padri alikaa mbali, na pikipiki yake ikisikika siku isiyo ya Jumapili wanawake waliweka majembe chini wakaulizana ni nani tena. Bibi yangu mzaa mama alipakwa jioni, kulipopambazuka walikuwa wanachonga mbao za jeneza. Mama alikuwa msichana mdogo, yeye ndiye aliyeshika mshumaa. Basi kwake ikawa hivyo. Mafuta ni tiketi. Ukishapakwa umeshapandishwa chomboni.

Padri wetu alikuwa kijana, mpole, mtu wa bara asiyejua kubishana na akina mama. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi aliwapelekea wagonjwa komunyo majumbani. Mara ya kwanza alipokuja kwa baba, mama alimpokea mlangoni, shikamoo padri, karibu padri, kisha akamuuliza kama katika ule mkoba kuna kichupa cha mafuta. Padri akasema kipo. Mama akamwambia komunyo iingie, kichupa hakiingii.

Maskini padri wa watu. Hakuweza kukiweka chini, ni kitu kitakatifu. Hakuweza kukiacha kwenye pikipiki, kuna jua. Mimi mikono yangu ilikuwa na mafuta ya cherehani. Jirani yetu, bi mkubwa yule ambaye mumewe ndiye mchinjaji wetu, alikuwa kaketi barazani anasuka ukili. Akaona mtu mzima anahangaika, akanyanyuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akatandika ncha ya kanga yake akasema, lete. Akakipakata mpaka padri alipotoka. Na ikawa ndiyo kawaida. Ijumaa ya kwanza, padri anamkabidhi bi mkubwa mafuta, anaingia kwa baba na komunyo, anatoka, anapewa mafuta yake, anaondoka. Ungepita ungecheka. Mimi nilicheka, mara ya kwanza.

Bi mkubwa aliuliza ni mafuta ya nini. Padri akamweleza. Akauliza tena, sasa kama ni ya mgonjwa, mbona mgonjwa yuko ndani nayo yako kwangu? Padri akakuna kichwa. Baadaye bi mkubwa akaenda jikoni kwetu akamwambia mama kwamba hata wao wanayo hayo. Ukisema twende tukamsomee fulani Yasini, wenye mgonjwa wananuna, wanaona umeshampimia sanda. Yeye mwenyewe aliwahi kusomewa, kijana bado, watu wanalia, na kesho yake alikuwa anadai chai na mkate wa kumimina. Mama akamjibu kwamba Yasini ni maneno, maneno hupita, mafuta hushika. Wakacheka wote wawili, lakini mlango haukufunguka.

Shida ni kwamba baba aliyataka. Alikuwa amekonda, ubavu mmoja haulalii kabisa, akigeuzwa anauma shuka asipige kelele. Hakuwa anaogopa kufa. Alichoogopa ni dawa zile za maumivu zitakapomchukua akili, asiweze tena kuitikia sala zake mwenyewe. Alitaka apakwe angali ana akili timamu, aitikie amina kwa mdomo wake. Aliniambia hivyo mara nyingi nikimsugua miguu. Nilipomuuliza kama hajachoka kumwomba Mungu amponye, alisema ameshaacha. "Nimemwomba ya kutosha, na si kiziwi," alisema. "Sasa namwomba aje akae hapa tu. Hata asipofanya kitu."

Mimi nikaona dawa ni rahisi. Mama ana siku yake ya soko, padri anakaa si mbali, bodaboda zipo. Namwita, anapakwa, mafuta yanafutika, mama anarudi na dagaa wake, maisha yanaendelea. Nikamwambia baba mpango wangu. Alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akiwatazamia wanafunzi walionakili majibu.

"Sitapakwa kwa wizi ndani ya nyumba yangu," alisema. "Nikipakwa kwa siri kisha nikafa, mama yako ataishi akiamini nilimtoroka."

Hapo ndipo nilipoelewa mzigo wenyewe ulikuwa wapi. Baba alitaka sakramenti yake na alimtaka mke wake, na hakuwa tayari kuingia kaburini akiwa amekosa kimoja. Na mwili wake haukuwa unasubiri. Kila wiki dozi ya dawa iliongezwa, na kila ilipoongezwa aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, kisha akajisahihisha kwa aibu.

Ijumaa ya kwanza iliyofuata padri alikuja kama kawaida, akamkabidhi bi mkubwa kichupa, akaingia. Baba akapokea komunyo, akatulia kidogo, kisha akamwomba padri asiondoke. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kaujaza mlango wote. Akafikiri sasa yataombwa mafuta, na uso wake ukabadilika. Lakini baba hakuomba mafuta yake. Alimuuliza mama kidonda chake cha mguuni kilianza lini.

Mama ana sukari, miaka mingi. Na kile kidonda kilikuwa kimeanza tangu masika, hospitali walikuwa wameshamtamkia habari ya kukata kidole, naye akasema tusubiri kwanza kiuno cha mwalimu kipone. Akajibu tangu masika.

"Kimepona?"

"Kinaendelea vizuri."

"Hakiendelei vizuri. Nakisikia harufu ukinigeuza," baba alisema, bila ukali. "Wewe ni mgonjwa, na mafuta ni ya wagonjwa. Padri aanze na wewe. Ukiamka kesho, nami nipakwe. Usipoamka, mimi sitaki tena."

Nilimkasirikia baba, nisiseme uongo. Niliona anamchezea mama kwa kitu anachokiogopa kuliko vyote duniani. Hata padri hakupenda. Alisema sakramenti si bahati nasibu, watu hawawekeani dau kwa mafuta matakatifu, na kwamba hatampaka mama ila mama mwenyewe atake, na atake kwa ajili ya ugonjwa wake, ambao kweli ni mkubwa. Akamgeukia. Akamuuliza kama anataka.

Mama alimtazama baba. Sikumbuki amewahi kumtazama mtu hivyo, muda mrefu, kama anamsoma mtu anayesafiri ili asimsahau. Kisha akasema anataka. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua kitambaa cha kichwani, mvi zake zote zikawa nje, akafumba macho na kutoa mikono miwili, viganja juu. Mimi nikatoka nikachukua kichupa kwa bi mkubwa. Aliniuliza ndiyo? Nikamwambia ndiyo, lakini si baba. Akashika kifua.

Padri akamwekea mama mikono kichwani, akanyamaza. Akampaka kwenye paji, akampaka viganja. Baba akaitikia amina kwa sauti ya kwaya, ile sauti niliyodhani imeshakwisha. Mama aliitikia kwa midomo tu.

Mchana ule wote mama alikuwa mtu wa ajabu. Alioga akavaa gauni lake la sikukuu. Akaniita jikoni akanionesha sufuria moja moja na mwenyewe wa kuirithi. Akaniambia uji wa baba nisiuzidishe sukari na kwamba akikataa samaki nimpe mchuzi peke yake, atakunywa. Akavuka barabara akaombana radhi na bi mkubwa, kama amemkosea kwa neno au kwa sahani amsamehe. Bi mkubwa akamsamehe, akarudi kwake akijifuta macho kwa kanga. Nikaingia chumbani kumwambia baba mzaha wake umechacha, mama anajiandaa kufa. Baba alikuwa amejifunika uso kwa mkono. Alisema haukuwa mzaha, akaniomba nimwache peke yake. Jioni mama alikula vizuri, akapiga magoti kando ya kitanda cha baba, na usingizi ukamchukua mapema.

Asubuhi nilikuwa nafagia uwanja. Mlango ukafunguka, mama akatoka na gauni lake lileile la sikukuu limekunjamana, akasimama karibu na pipa la maji. Ndani baba akakohoa, akamwita. Mama akakaa chini kwenye kizingiti akaangua kilio, kilio cha mtu mzima, mabega yanatikisika. Bi mkubwa alikuwa ametoka na ufagio wake upande wa pili. Alipomwona mama yu hai, alitupa ufagio akapiga vigelegele. Nami nikadakia. Majirani wakatoka kuuliza nani kaolewa. Ndani baba alikuwa anacheka na kukohoa, anacheka na kukohoa, na mimi nalia na kucheka vilevile, natafuta bodaboda nimfuate padri kabla mtu yeyote hajabadili mawazo.

Padri alikuja bila hata chai. Safari hii hakuna aliyemzuia mlangoni, kichupa kikapita hadi ndani. Baba akapakwa akiwa na akili timamu, akaitikia sala zote, na palipotakiwa tuimbe alimkosoa padri kwamba ameanzia juu mno. Mama alimshika mkono mwanzo mpaka mwisho.

Hakupona. Tena maumivu yalizidi. Yule mwanamke wa sokoni angesema nini sijui, wala sikumuuliza. Lakini majuma yale yaliyofuata ndiyo ninayoyalilia leo nikikaa peke yangu na cherehani. Marufuku iliondoka. Watu wa Jumapili waliokuwa wanaogopa kuja, kwa sababu nyumbani hakukuwa na neno la kusema, wakarudi wote. Wakajazana chumbani, nesi kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, askari na besi yake kasimama dirishani kwa nje kwa kukosa nafasi, na baba kalala chali anaongoza kwaya kwa kidole kimoja. Sauti ya pili haikuwa na mtu, aliyekuwa nayo kahamia Kilosa. Mama akaiimba kutoka jikoni.

Mara moja askari yule alimuuliza, kwa adabu zote, mwalimu, kwa nini Mungu anamwacha mtu kama wewe ateseke. Baba alisema hajui. Alisema alifundisha dini miaka yote akiwa na majibu mfukoni, na sasa mfuko umetoboka. Kitu alichobaki nacho ni kwamba hata Mwana aliomba kikombe kimpite na hakikumpita, kwa hiyo angalau analalamika kwa mtu aliyepitia. Kisha akamwambia askari besi yake inaburuza, arudie.

Alikufa kabla ya Pasaka, asubuhi, mama anamnywesha uji. Alimeza kijiko kimoja, cha pili akakiacha mdomoni. Vijana wa mtaani, wengi wao hawajawahi kukanyaga kanisani, walichimba kaburi. Kwaya ya watu wa uhamisho iliimba vizuri kuliko siku yoyote. Mama hakulia kaburini. Watu wakasema, tazama imani ya mama yule. Nami nilijivuna, nikajiambia imani hiyo ilianza siku ile alipotoa viganja.

Watu walipotawanyika na nyumba ikarudi kuwa nyumba, siku moja tulikuwa uani tunamenya muhogo ulioletwa kutoka Baleni. Kidonda chake kilikuwa kimeanza kukauka, kidole wamekikata, anatembea kwa fimbo ya kuongozea kwaya. Nikajisikia vizuri, nikamwambia kitu nilichokuwa nimekiweka moyoni: kwamba nilimwonea fahari Ijumaa ile, kukubali kupakwa huku anaogopa vile. Nikamwambia imani kama ile sina.

Alimenya mpaka mwisho wa muhogo alioushika.

"Sikuwa naogopa," alisema. "Nilikuwa nimefurahi. Nilijua natangulia mimi. Nilimwambia Mungu asante, mwalimu sitamzika."

Akachukua muhogo mwingine, akaukata ncha.

"Asubuhi nikafumbua macho, nikamsikia anakohoa. Nikajua nitamzika," alisema. "Nikatoka nikalia pale mlangoni, na nyie mkanipigia vigelegele."